Hadubini ya mkononi ya kompyuta: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Lamu

Majibu haya ni kwa kila mwenye hadubini ndogo ya kushika mkononi, ile yenye umbo la bomba fupi, waya wa USB nyuma na duara la taa nyeupe mdomoni. Wanaouliza ni walimu, masonara, mafundi wa simu, maseremala, washona kofia na wanafunzi wa Amu, Shela, Matondoni na Pate. Chombo hiki si cha bei kubwa, na wengi hukitupa kabatini mapema kwa sababu picha zao zilikuwa na ukungu, au kwa sababu sanduku liliahidi makubwa kuliko uwezo. Hiyo ni hasara. Mji wetu umejaa vitu vya kale na kazi za mkono ambazo chumvi na wadudu wanazila kila siku, na hadubini ndogo ikishikwa vizuri inaweza kuvikagua na kuviwekea kumbukumbu kabla havijapotea.

Nimechomeka, nimefungua kamera, lakini naona uso wangu mwenyewe. Imeharibika?

Haijaharibika. Laptopu ina kamera yake juu ya skrini, na programu hufungua hiyo kwanza. Hadubini nyingi za USB hutambuliwa na kompyuta kama kamera ya kawaida tu, kwa hiyo unachotakiwa kufanya ni kubadilisha kamera. Kwenye Windows 10 na 11 fungua programu ya Camera, kisha bofya alama ya kugeuza kamera iliyo pembeni. Kwenye Mac fungua QuickTime Player, anza kurekodi video mpya, bofya kishale kilicho kando ya kitufe chekundu na uchague kamera ya pili. Wenye Linux watumie Cheese au guvcview. Jina litakalotokea kwenye orodha huenda lisifanane na jina lililo kwenye sanduku; usishangae.

Ikiwa kamera ya pili haionekani kabisa, kagua mambo haya kwa zamu. Funga programu nyingine yoyote inayotumia kamera, kama vile Zoom, kwa sababu mara nyingi programu moja ikiishika kamera nyingine huikosa. Ingia kwenye mipangilio ya faragha uone kama umeruhusu programu kutumia kamera. Toa hadubini kwenye kigawanyo cha USB na uichomeke kwenye kompyuta yenyewe. Na kama umeunganisha waya wa kurefusha, uondoe: waya wa USB 2.0 haufai kuzidi mita 5, na zile nyaya nyembamba za bei rahisi huanza kusumbua mapema zaidi.

Sandukuni mlikuwa na CD ndogo, na laptopu yangu haina pa kuiweka. Draiva nitaipata wapi?

Yumkini huihitaji. Windows, Mac na Linux za miaka hii zina draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya kamera za USB tayari. Jaribu kwanza bila kusakinisha chochote. Kilichomo kwenye CD ni programu ya kupima na kupiga picha, na mara nyingi ni ya zamani. Ukiitaka, itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Usipakue draiva kutoka tovuti usiyoijua inayokuahidi kila kitu bure. Kompyuta za shule zimewahi kujaa virusi kwa njia hiyo, na kuzisafisha kunakula muda ambao wanafunzi wangekuwa wanaangalia mbawa za nzi.

Naweza kutumia simu badala ya kompyuta?

Simu nyingi za Android zinaweza, ukiwa na adapta ya OTG (kiunganishi cha kuchomeka waya wa USB kwenye simu) na programu ya kusoma kamera za USB. Baadhi ya simu hazitoi umeme wa kutosha kwenye tundu hilo, taa huwaka kisha huzima. iPhone kwa kawaida haisomi kamera hizi kwa waya. iPad zenye tundu la USB-C zinazisoma kuanzia iPadOS 17.

Kwa kazi ya kupima, hata hivyo, kaa kwenye kompyuta. Skrini ya simu ni ndogo, na kidole hakiwezi kuweka alama penye pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) unayoitaka.

Sanduku linasema inakuza mara 1000. Mbona sioni tofauti kati ya 200 na 1000?

Kwa sababu namba hiyo haitokani na lenzi peke yake. Chukua rula ya shule, iweke chini ya hadubini na uhesabu ni milimita ngapi zinaonekana kutoka ukingo wa kushoto wa picha hadi wa kulia. Tuseme ni milimita 10. Kama picha hiyo kwenye laptopu yako ina upana wa milimita 300, basi kitu kimekuzwa mara 30. Sasa ichukue picha ileile uirushe ukutani kwa projekta, iwe na upana wa mita 2. Imekuzwa mara 200, lakini hakuna hata unywele mmoja ulioongezeka wa kuona. Anayeuza anaweza kutaja ukuta wowote aupendao.

Kinacholeta tofauti ya kweli ni mambo mawili: ubora wa lenzi na idadi ya pikseli za kihisi, ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga. Kihisi cha 640 kwa 480 kina pikseli 307,200. Cha 1600 kwa 1200 kina 1,920,000. Baadhi ya hadubini zinazotangazwa kuwa na pikseli milioni kadhaa zina kihisi kidogo, na programu huivimbisha picha baadaye. Ukiona picha kubwa ambayo mistari yake ni laini laini kila mahali, bila ukingo mkali popote, hiyo imevimbishwa.

Ndiyo maana tunamwambia kila mtu asahau namba ya sandukuni na aandike upana wa eneo lililoonekana. Ukisema "picha hii ina upana wa milimita 4", mtu aliye Faza, Malindi au Ujerumani ataelewa hasa unachomwonyesha. Ukisema "mara 500", hujamwambia kitu.

Basi nitapimaje ukubwa wa kitu kwa uhakika?

Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote, kwa hiyo tutalijibu kwa kirefu.

Weka kitu chako, kipate picha kali, piga picha. Bila kugusa gurudumu la kulenga na bila kubadilisha urefu wa stendi, ondoa kitu hicho, weka rula mahali pake, piga picha ya pili. Rula iwe kwenye kimo kilekile cha uso wa kitu ulichopima. Ukipima sarafu nene ilhali rula imelala juu ya meza, utapata jibu la uongo. Iinue rula kwa vipande vya kadibodi mpaka nayo ionekane kwa ukali uleule.

Fungua picha ya rula kwenye programu yoyote inayoonyesha namba za pikseli. ImageJ ni ya bure na imetengenezwa kwa ajili ya kazi za namna hii. Hesabu pikseli za milimita kadhaa kwa pamoja, si moja, ili kosa dogo ligawanyike. Mistari ya rula ina unene wake, hivyo pima kutoka ukingo wa kushoto wa mstari mmoja hadi ukingo wa kushoto wa mwingine. Rula ya chuma ina mistari myembamba kuliko ya plastiki na inatoa jibu bora.

Tuseme milimita 8 zimejaza pikseli 1600. Basi kila milimita ni pikseli 200, na kila pikseli ni maikromita 5 (maikromita 1000 ni milimita moja). Tundu la mdudu kwenye mbao likiwa na pikseli 300 kwa upana, lina milimita 1.5. Na utajua pia mpaka wako: kitu kidogo kuliko pikseli mbili, yaani maikromita 10 hapa, hakitaonekana umbo lake.

Ukigusa gurudumu, vipimo vyote vimebadilika na rula inarudi tena. Wanafunzi huliona hili kama usumbufu. Sisi tunalishikilia, kwa sababu picha isiyo na kipimo ni pambo tu, na picha yenye kipimo inaweza kulinganishwa na nyingine miaka kumi baadaye.

Nikizungusha gurudumu, picha inakuwa kali mahali pawili. Niamini ipi?

Zote ni za kweli. Mdomo wa hadubini ukigusa kitu, hadubini nyingi za aina hii zina sehemu mbili za picha kali: moja ya ukuzaji mdogo na eneo pana, nyingine ya ukuzaji mkubwa na eneo dogo. Anza na ya kwanza ujue uko wapi, ndipo uende ya pili.

Picha inatetemeka, na sehemu moja ikiwa kali nyingine ina ukungu.

Kutetemeka ni kwa sababu unaishika. Inaitwa ya mkononi, lakini mkono wa binadamu hautulii vya kutosha kwa eneo la milimita 2. Tumia stendi, na kama stendi iliyokuja nayo inalegea, ifunge kwenye kipande kizito cha mbao. Seremala yeyote atakukatia kwa dakika chache. Usisogeze hadubini, sogeza kitu, kwa karatasi iliyo chini yake. Na ukitaka kupiga picha, tumia kibodi au kipanya, si kitufe cha kwenye bomba, maana kukibonyeza tu kunaitikisa.

Ukungu wa sehemu moja ni tabia ya lenzi. Kadiri unavyokuza, ndivyo kina cha ukali kinavyopungua, hata chembe moja ya mchanga isiwe kali juu na chini kwa pamoja. Kiweke kitu kiwe sambamba na mdomo wa hadubini. Kama kina mabonde na vilima, piga picha kadhaa ukisogeza gurudumu kidogo kidogo, kisha ziunganishe kwa programu ya kupandanisha picha. Ila picha zilizopigwa hivyo usizipimie, kwa sababu ya yale tuliyosema kuhusu gurudumu.

Mimi ni sonara. Pete ya fedha ikiwa chini yake naona madoa meupe tu ya taa.

Zima taa zake, au zipunguze mpaka mwisho kwa kile kigurudumu kilicho kwenye waya. Washa tochi pembeni, chini, mwanga ulale juu ya pete. Mikwaruzo, herufi zilizofutika na kiungo cha kulehemu vitajitokeza kwa vivuli vyao. Ukitaka mwanga laini wa pande zote, zungushia pete ukanda wa karatasi nyeupe nyembamba na umulike kutoka nje ya karatasi.

Ukishapata mwanga huo, angalia alama ya fedha ya 925 kama ipo, halafu kagua sehemu zinazosuguana sana: ndani ya pete na kwenye ukingo wa chini. Kama fedha imepakwa juu tu, hapo ndipo shaba ya njano au nyekundu huchungulia. Hadubini haitakwambia fedha ni safi kiasi gani. Itakwambia kama kuna tabaka.

Kitufe cha kupigia picha kwenye hadubini hakifanyi kazi.

Kinafanya kazi na programu iliyokuja nayo tu, mara nyingi. Piga kwa kompyuta.

Mwalimu, tunaweza kuangalia damu na kumpima mtu malaria?

La. Tunaomba jambo hili lieleweke na kila mzazi na kila mwalimu. Seli nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, na kimelea cha malaria kimo ndani yake. Mpimaji wa maabara huipaka damu kwenye kioo, huitia rangi ya Giemsa, kisha huiangalia kwa lenzi ya kukuza mara 100 yenye tone la mafuta, na lenzi ya jicho ya mara 10, jumla mara 1000 za kweli, mwanga ukipita kutoka chini. Hadubini ya mkononi humulika kutoka juu na haina lenzi ya namna hiyo. Utaona wekundu tu, na usipoona kimelea utadhani hakipo.

Mtoto akiwa na homa, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa vidonda na madoa ya ngozi: unaweza kumpigia daktari picha aione, lakini usitibu kwa kuangalia skrini.

Na mbu je?

Hapo sasa inafaa sana, na Lamu tuna sababu ya kujali. Mwaka 2004 homa ya chikungunya ilizuka hapa kisiwani wakati wa ukame, ikafika Mombasa, na mwaka uliofuata ikawa Komoro. Mbu anayeieneza, Aedes, huzaliana kwenye maji yaliyohifadhiwa majumbani, na ukame ndio unaowafanya watu wajaze ndoo na mapipa. Wazee wetu walikuwa wakiweka samaki wadogo kwenye birika (matangi ya maji) za nyumba za mawe ili wale viluwiluwi. Ilikuwa akili kubwa, na bado inafaa.

Chota viluwiluwi kwa kijiko cheupe chenye maji kidogo. Kabla hata ya hadubini, angalia kila mmoja anavyokaa. Wa Anopheles, anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Wa Aedes na wa Culex, jamii nyingine ya mbu, huning'inia kichwa chini, mkia juu, kwa sababu wana mrija wa kupumulia mkiani. Ukimweka chini ya hadubini kwenye tone dogo la maji, mrija huo unaonekana wazi, na Anopheles hana.

Mbu mzima akiwa amekufa, mgeuze kwa sindano. Aedes ana miguu yenye pete nyeupe, na yule wa aina ya aegypti ana mistari myeupe iliyopinda kwenye mgongo wa kifua. Jike la Anopheles ana vipapasio viwili vilivyo kando ya mrija wa kunyonya, virefu karibu sawa na mrija wenyewe. Jike la Culex na la Aedes wana vifupi. Darasa likishajua hayo, liende kukagua majabia, mapipa na vifuu vya nazi vilivyojaa maji ya mvua, liandike nani amepatikana wapi, kisha vifuu vimwagwe na mapipa yafunikwe.

Natengeneza simu. Naweza kulehemu nikiangalia skrini?

Kwa kukagua, ndiyo, na itakuokolea macho. Simu iliyoingia maji ya bahari huanza na kutu ya kijani kwenye shaba, na utaiona kando ya miguu ya chipu kabla haijala njia. Kwa kulehemu, hapana: picha ya USB huchelewa kidogo nyuma ya mkono, na nafasi chini ya mdomo wa hadubini ni finyu. Moshi wa dawa ya kulehemu nao hupanda moja kwa moja kwenye lenzi na kuganda. Lehemu kwa miwani ya kukuza, kagua kwa hadubini.

Bibi yangu ana msahafu wa kuandikwa kwa mkono na sarafu za zamani. Nianzie wapi?

Anza kwa ruhusa ya bibi, na umwombe akae nawe. Yeye ndiye anayejua ulitoka kwa nani, na habari hiyo haionekani kwa lenzi yoyote. Iandike pamoja na picha.

Kwa msahafu, chukua udhu, nawa na kukausha mikono vizuri, weka kitabu juu ya mto au marufaa (kiegemeo cha msahafu) kisifunguke zaidi ya kinavyotaka chenyewe. Mdomo wa hadubini usiguse karatasi hata kidogo. Tumia ukuzaji mdogo, inua stendi, na uzime taa kila unapomaliza picha. Usilambe kidole kugeuza ukurasa na usijaribu kusugua doa lolote.

Kuna mengi ya kuona. Wino wa masizi hubaki mweusi na hukaa juu ya karatasi; wino wa chuma hugeuka kahawia, huzama ndani, na kwa miaka mingi unaweza kuila karatasi mpaka herufi zitoboke. Ukiona ukingo wa kahawia unaoenea nje ya herufi, au nyufa ndogo ndani ya wino, msahafu huo unahitaji mtaalamu, si gundi ya nyumbani wala utepe wa plastiki. Vitundu vya wadudu navyo vina habari: angalia kama vina unga mpya. Alama ya maji ya karatasi haionekani kwa hadubini, bali kwa kumulika ukurasa kwa nyuma kwa upole. Karatasi nyingi za Italia zilizopelekwa nchi za Kiislamu zilikuwa na alama ya miezi mitatu michanga, hivyo ukiiona, ipige picha kwa simu pamoja na rula. Siyu ilikuwa mji wa wanakili wa Qur'ani, na kila ukurasa wa aina hiyo uliobaki nyumbani kwa mtu unastahili kumbukumbu nzuri.

Kwa sarafu, kanuni ni moja: usiisafishe. Ndimu, mchanga na dawa ya meno huondoa yale unayotaka kuyasoma. Mwanga wa pembeni, kama wa sonara, utatoa herufi ambazo jicho halizioni. Piga pande zote mbili na ukingo wake. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kupatikana kwa sarafu ya China kisiwani Manda, yenye tundu la mraba katikati na jina la utawala wa mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo usidharau kipande cha chuma kilichopatikana ufukweni. Lakini kama umekiokota ardhini au kwenye magofu, kama ya Takwa au Shanga, si chako kukiuza wala kukificha. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi inataka upatikanaji wake utolewe taarifa. Nenda Makumbusho ya Lamu, pale ukingoni mwa bahari, ukiwa na picha zako na maelezo ya mahali hasa ulipokipata.

Naweza kutofautisha kofia ya mkono na ya cherehani?

Mara nyingi, ndiyo. Cherehani ya kawaida hufunga nyuzi mbili, moja ya juu na moja ya chini, na hatua zake zinafanana zote. Mkono una nafasi zinazopishana kidogo, na kila kitundu kimezungushiwa uzi kwa namna yake. Piga picha ya sehemu ileile ya kofia mbili, zote kwa upana wa milimita 10, na uhesabu mishono. Mama aliyekaa miezi juu ya kofia moja anastahili kuwa na picha hiyo ya kumwonyesha mnunuzi anayetaka kumlipa bei ya kiwandani.

Nyuzi nazo hujieleza: uzi wa pamba ukiuchambua una nyuzinyuzi bapa zilizojipinda, wa poliesta ni laini na mnyoofu.

Kiti cha enzi na mlango wa zamani vimebunguliwa. Nitajuaje kama wadudu bado wamo?

Angalia kingo za matundu. Tundu jipya lina ukingo mkali na mbao safi ndani, na unga wake ni mweupeweupe. La zamani limejaa vumbi, limekuwa jeusi, kingo zimeviringika. Kisha fanya jaribio lenye uhakika zaidi: futa unga wote, piga picha ya eneo hilo pamoja na rula, weka karatasi nyeusi chini, rudi baada ya wiki kadhaa upige tena. Unga mpya au tundu ambalo halikuwepo ni jibu tosha. Njia hii inawafaa pia maseremala wa Matondoni wanaokagua mbao kabla ya kuzipeleka kwenye chombo.

Wanafunzi waanze na kitu gani?

Mchanga. Ni bure, haufi na haukimbii. Chukua wa vilima vya Shela, wa ufukweni na wa kisiwa kingine, mmoja kila bahasha, mahali na tarehe vikiandikwa. Umwage kidogo sana juu ya karatasi nyeusi. Utaona chembe angavu kama kioo, vipande vya matumbawe na makombe madogo sana ya bahari, mengine mazima. Ongeza tone la siki kwa kijiti: chembe za makombe na matumbawe hutoa mapovu, za kwatzi, zile angavu kama kioo, hazitoi. Futa siki kabla mvuke wake haujafika kwenye lenzi. Mwalimu anaweza kuendelea kutoka hapo kwa somo la maji, kwa sababu vilima vya Shela ndivyo vinavyopokea mvua inayojaza visima vya mji, na wanafunzi wakishaona nafasi zilizo kati ya chembe wataelewa maji yanapita wapi.

Baada ya mchanga, gamba la samaki changu. Lioshe, likaushe, liweke juu ya kioo chenye mwanga mweupe wa simu chini yake. Utaona mizunguko ya ukuaji. Usiwaambie wanafunzi kwamba kila mzunguko ni mwaka mmoja. Katika bahari yenye joto kama yetu mambo si mepesi hivyo.

Hadubini itadumu vipi kwa hewa yetu ya chumvi?

Ifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya kazi, kisha iweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya. Usitumie mchele, una vumbi. Lenzi ikiachwa kabatini msimu wote wa kusi, kuvu huota ndani ya kioo, na hiyo haifutiki kwa nje. Kichwa cha USB kikianza kuwa cheusi, kipanguse kwa spiriti na ungoje kikauke kabla ya kuchomeka. Ukisafiri kwa mashua, funga kopo ndani ya mfuko wa plastiki, na hadubini isitolewe kabla hujafika nchi kavu na mikono haina chumvi.

Nikienda kununua, niulize nini?

Muulize muuzaji pikseli za kihisi chenyewe, si za picha. Omba aichomeke mbele yako kwenye laptopu, na uwe na rula mfukoni. Ilenge kwenye mistari ya milimita: pembe za picha ziwe karibu kali sawa na katikati, na mistari iwe imenyooka. Ishike stendi uitikise. Stendi nzuri yenye lenzi ya wastani itakufaa kuliko lenzi nzuri iliyo kwenye stendi inayoyumba.